Sifa za Miche Ambayo Haijazaa

Siku mnunuzi wa maembe alipofika kutoka mji wa Salama, shambani tulikuwa mimi, wadogo wangu watatu, shangazi yetu na yeye mwenyewe. Ndugu zangu wa mwethya, ninyi tunaosaidiana kazi za shamba kwa zamu, nisikilizeni polepole, kwa sababu bado inaniuma.

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la saba, ili hawa watatu wasome. Kila niliyemuuliza tutaishije alinitajia kitalu kimoja cha miche huko Kibwezi. Kanisani, sokoni, sifa zilikuwa hizo hizo. Nikauza mbuzi wetu, nikanunua miche ya maembe ya kisasa. Ikashika vizuri mpaka watu wakaja kuitazama. Mwenye kitalu aliahidi embe baada ya miaka mitatu. Tulingoja mitano, tukibeba maji mgongoni. Mavuno hayo ndiyo yangempeleka mdogo wetu wa mwisho sekondari.

Mnunuzi alikata embe moja, akauma, akatema nyuzi.

"Siste, hili ni la kienyeji."

"Lakini mimi nilinunua ya kisasa!"

"Mti haujui ulinunua nini."

Akapanda pikapu, akaenda. Mdogo wetu wa mwisho hakulia. Aliokota lile embe, akalimaliza.

Nikarudi kwa kitalu. Mwenyewe alinipa kiti na soda. "Shida ni udongo wenu, mama. Uliza mtu yeyote kuhusu sisi."

Nikauliza. Nilizunguka kwa wote walionisifia kitalu hicho, nikiomba hata wawili wasimame nami kwa chifu. Mmoja akaniambia, "Yangu haijazaa bado, lakini kile kitalu ni kizuri, wee!" Ndugu zangu, nawaambia, hakuna hata mmoja aliyekuwa amekula embe la pale. Nilikaa kando ya barabara, sijui nimshike nani.

Shangazi ndiye aliyewaambia ninyi wa mwethya. Mkaja na misumeno, mkakata miti yangu ikabaki visiki. Nililia kama niko matangani. Vilipochipuka, mmoja wenu akaleta matawi machanga ya mwembe wake, ule ambao sote tumekula matunda yake, mkayapandikiza kwenye visiki ili vizae kama huo. Asanteni. Mengine yameshika, mengine yalikauka. Embe bado. Mtoto bado yuko nyumbani.

Funzo langu ni dogo: anayekusifia duka, muulize yeye alikula nini huko.

Na deni nalijua. Mwethya hulipwa kwa jembe. Nimechimba matuta kwa nyumba mbili. Kwenu wengine bado. Jumatatu naanza kwa nani?