Baiskeli kwa Gitaa la Kamukuzi

Kijiwe cha mama Constance, huku Juru, kambini kwa wakimbizi, ni ubao mmoja juu ya matofali, birika la kahawa, na wanaume wenye maneno mengi kuliko maharage. Asubuhi ile Baudouin alifika akikokota baiskeli, gitaa mgongoni, uso umemshuka. Jumapili ilikuwa siku ya kuondoa matanga ya Gervais, Mrundi aliyepiga naye gitaa kanisani miaka kumi na miwili mpaka malaria ikamchukua. Mjane wake, Fébronie, aliomba jambo moja tu: Baudouin apige. Lakini tangu mazishi gitaa lake lilitoa sauti ya kukera masikio. Kizito, dereva wa boda, alikuwa ameona jingine la mtumba kule Kamukuzi, Mbarara, na mwenye gitaa hilo alikubali kulibadilisha na baiskeli. Baiskeli hiyo ndiyo iliyofikisha maharage ya Baudouin sokoni. Bila hiyo, angeyabeba kichwani. Kizito alikuwa anamalizia kikombe aondoke.

— Mzee, sema haraka. Ile gitaa iko safi, banange!

— Ngoja kwanza, alisema Joël, seremala waliyemwita Enjenia tangu mlango wake mmoja ulipokubali kufungika. Lete hapa.

Akaligonga gitaa tumboni, akatega sikio.

— Mbao imekunywa mvua. Hii ni mbao ya Bukavu, haijazoea maji ya huku.

— Itakauka?

— Itakauka. Lakini na weye utakuwa umeshakauka.

Walicheka. Baudouin hakucheka. Patient, aliyeitwa Ambasaderi kwa kungoja miaka tisa ndege ya kumhamishia Kanada, akaweka kikombe chini.

— Miye nakatala! Gitare mbili mu nyumba moja? Batu ba ofisi ya wakimbizi batapita, batapiga foto, batasema huyu mutu ni tajiri. Dosye yako ya kuhamia Kanada italala chini ya zingine mpaka utakufa.

— Sina dosye, Ambasaderi. Balishaikatalaka.

— Njo unaona! Na ilikuwa gitare moja tu!

— Nyinyi munazunguka bure, alidakia Kizito. Hii gitaa imefiwa. Kwetu Isingiro mutu wa kukamua alikufa, ng'ombe yake ikakataa kutoa maziwa.

— Mukafanya nini?

— Tukachinja.

Hapo kicheko kilikatika. Baudouin alikuwa anaogopa, na hofu yake ilikuwa Jumapili: kukaa mbele ya Fébronie na watoto, aguse nyuzi, yatoke makelele yale. Akamsukumia Kizito usukani wa baiskeli.

— Chukua. Uniletee kesho.

Kizito alikuwa anatafuta kamba ya kuifungia nyuma ya pikipiki wakati Nabintu alipokuja kununua kahawa. Alikuwa mgeni, amefika kutoka Uvira wiki ile na kupewa hema jirani na Constance. Aliliona gitaa kwenye magoti ya Joël.

— Papa, naweza kugusa?

Akapitisha kidole gumba juu ya nyuzi, mara moja, akakunja uso.

— Haiko mubaya. Nyuzi tu zimelegea. Nani alikuwa anakukazia?

Kila siku ya mazoezi Gervais alilichukua gitaa la mwenzake kwanza, akaliinamia, akakaza huku na kulegeza kule, akamrudishia bila neno. Miaka kumi na miwili Baudouin aliona ni heshima tu ya rafiki. Hakujifunza, wala hakuuliza.

— Weye unajua kukaza? Baudouin alimuuliza Nabintu, na sauti yake ilikuwa ya kuomba.

— Hapana, papa. Baba yangu njo alikuwa anajua. Alibaki kule.

Akamrudishia Baudouin gitaa polepole.

— Na hiyo ya Mbarara, nani ataikaza?

Baudouin alilikumbatia gitaa, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote. Alimlilia rafiki yake, na alijionea haya.

Kizito alisimama na kamba mkononi.

— Mzee, niifunge baiskeli, ama niache?