Kocha Lionel Hodgson, Kutoka Bluefields hadi Erdington (1956–2008)

Marehemu Lionel Archbold Hodgson alizaliwa tarehe 14 Aprili 1956 mjini Bluefields, pwani ya Karibea ya Nikaragua, mtoto wa nne wa fundi mashua Alford na mkewe Bi. Ersilia. Alisoma shule ya kanisa la Moravian, akamaliza sekondari mwaka 1973. Darasani alikuwa wa kawaida. Uwanjani walimu walimgombania.

Kwao, besiboli inapendwa kama sisi tunavyopenda soka. Marehemu alikuwa mrushaji, yule anayesimama katikati ya uwanja na kumrushia mpigaji mpira. Mwaka 1975 alichukuliwa na timu moja ya Managua, akaichezea misimu minane. Tarehe 6 Machi 1983 bega la kulia lilimuuma tangu asubuhi. Kocha alipomuuliza kama ataweza kuendelea, alisema ataweza, kwa kuwa timu ilikuwa inaongoza. Bega likachanika. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na hakucheza tena.

Alifanya kazi jikoni kwenye meli za watalii hadi 1988, alipokuja Birmingham kwa binamu yake na kuajiriwa kuwa mtunzaji wa shule hapa Erdington. Mwaka uliofuata alianza kufundisha besiboli Jumamosi huko Perry Barr, kwa magongo manne na glavu za kuazimana.

Kwenye kwaya ya kanisa alikutana na Bi. Brigid Nyokabi, muuguzi kutoka Karatina. Shemeji zake walipokuja kumkagua, aliwapikia wali na maharage ya nazi.

"Shemeji, umefundishwa na watu wa Mombasa?" akauliza Bethuel, kaka wa Brigid.

"Hapana. Na mama yangu."

Bethuel aliongeza sahani ya tatu, na mazungumzo yakaisha mapema kuliko ilivyopangwa. Walifunga ndoa tarehe 3 Agosti 1991. Mwaka 1993 Mungu akawapa Charity.

Charity alikuwa mrushaji hodari katika timu ya baba yake. Katika fainali ya tarehe 22 Julai 2007, timu ikiwa inaongoza, baba yake aliona anakunja uso kila baada ya kurusha. Akaingia uwanjani.

"I'm fine, Dad. Tunaongoza!"

"Nipe mpira, mama."

Walishindwa kwa pointi moja. Ndani ya gari Charity alimwambia, "Unanionea wivu." Kwa miezi saba binti hakumsemesha baba yake. Alikuwa akichukua chakula alichopikiwa na baba na kwenda kula chumbani. Bi. Brigid alimsihi mumewe amweleze habari za bega. Alikataa. "Nikimwambia sasa, ataona natafuta huruma."

Februari 2008 alishikwa na maumivu ya tumbo, ikagundulika ni saratani ya kongosho. Charity alikuwepo daktari alipomwomba ainue mikono yote miwili. Wa kushoto ulipanda. Wa kulia uliishia begani. Miaka yote Charity aliamini baba yake amezaliwa mtu wa mkono wa kushoto. Alimvuta mama yake ukumbini, akaelezwa yote, akarudi analia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unaongoza. Mtu akiongoza hausikilizi mkono ukiuma. Hata mimi sikuusikiliza."

"Nilikukosea, Daddy."

"Njoo ukae hapa."

Tangu siku hiyo, Charity ndiye aliyesukuma kiti chake cha magurudumu hadi mazoezini kila Jumamosi, mpaka mwisho wa Septemba alipoishiwa nguvu. Alifariki nyumbani tarehe 19 Novemba 2008, saa tano asubuhi, mkewe na binti yake wakiwa kando yake.

Ameacha mjane Brigid, binti Charity, dada wawili, timu aliyoifundisha miaka kumi na tisa, na mama yake mzazi, Bi. Ersilia, mwenye miaka themanini na minne. Mama hakupata viza. Anasikiliza ibada hii kupitia simu aliyoishika Charity. Kiswahili hakijui, ila ametuomba jambo moja: jina la mwanawe litamkwe kwa ukamilifu hapa kaburini, polepole, apate kulisikia.

Lionel Archbold Hodgson.

Mungu ampe pumziko jema.