Punda Jembe Alikuwa na Njaa

Kaeni, wanangu. Clement, zima hiyo simu. Aliyekupigia atakuwepo kesho, mimi sijui. Na wewe Happiness acha kunipepea, mimi si jiko. Chukua daftari uandike ninavyosema, si unavyopenda nisikike, maana maneno haya yatasomwa siku ya kunizika, pale watu wanaposoma wasifu wa marehemu, na sitaki mniandikie kwamba nilikuwa mama wa huruma niliyependwa na wote. Nimeishi hapa Sepuka miaka sabini na minne. Wananijua.

Mali kwanza, ili masikio yenu yatulie. Nyumba ni ya Happiness, kwa sababu ndiye aliyerudi. Shamba la bondeni ni la Clement, la juu mgawane, na mpaka ni ule mgunga aliouacha baba yenu Edward. Asiutie shoka mtu. Mbuzi gawaneni sawa, akibaki mmoja ndiye mboga ya matanga. Mkokoteni ni wako, Clement. Punda anayeuvuta, Tulia, bado sijamsema. Nitamfikia, na mtanisikiliza mpaka nimfikie.

Mnamkumbuka Jembe, yule punda wa kijivu aliyebeba matofali ya nyumba hii. Wakati wa mavuno ya alizeti kila mwenye punda alikuwa na kesi: punda amekula mzigo wa mteja njiani, gunia limefika mashineni limelegea, watu wanatukaniana wazazi. Kwangu kesi hizo hazikufika. Nilichukua wavu wa gunia la vitunguu, nikaushona uwe mfuko, nikamvalisha Jembe mdomoni asubuhi kabla ya kazi na kumvua jua likizama. Watu wakasema punda wa Mama Clement halambi punje ya mtu, wakaleta mizigo kwangu wakawaacha wengine, nami nikavimba kichwa. Katekista alikuwa akitusomea ile amri ya kutomfunga mdomo ng'ombe anayepura nafaka, na mimi na darasa langu la nne nikajiambia, hapo ametajwa ng'ombe, punda hakutajwa.

Jioni nilimlipa wema wangu: debe zima la pumba na mashudu juu yake, kwa mkupuo mmoja. Nilidhani ndiyo huruma, mtu ashinde njaa mchana ashibe jioni, kama sisi tulivyolelewa.

Mwaka ule wa mwisho Jembe akaanza kusaga meno akiwa amesimama tu, hana kitu mdomoni. Pumba aliinusa, akaionja, akaiacha, akageuka kutazama ubavu wake. Manyoya yakamsimama kama ya mbuzi aliyenyeshewa. Akawa analamba udongo wa ukuta. Punda hapigi kelele akiumwa, wanangu. Husimama akavumilia mpaka anaanguka, na hao wahenga waliosema mficha maradhi kilio humfichua, nadhani walifuga punda. Mimi nikasema ni uvivu. Nikachukua vidonge vyangu vya maumivu ya magoti, nikamsagia kwenye pumba wiki mbili, ili amalize mavuno.

Ndipo akapita Cecilia, jirani yetu wa upande wa kisima, mjane kama mimi. Alisimama, akamwekea Jembe mkono tumboni, akasema, "Mama Clement, mnyama huyu ana njaa. Mfungue mdomo." Nikamjibu kwamba asiye na punda asinifundishe punda. Kesho yake Jembe akalala chini, akajiviringisha vumbini, na saa sita mchana alikuwa amekufa.

Na mimi nilifanya nini? Nilikwenda kisimani, wanawake wamepanga ndoo, nikasema kwamba mkono uliomgusa Jembe tumboni kila mtu aliuona. Jina sikulitaja. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu siku ile ulikuwa na mwiba. Kufika Jumapili hakuna aliyekaa na Cecilia benchi moja. Watoto wake wakanyimwa hata moto wa kuwashia jiko. Mtu akamwaga majivu mlangoni kwake. Alivumilia miezi minne, akauza kuku wake, akaenda Manyoni kwa dada yake. Siku ya kuondoka alipita hapa na mzigo kichwani, akanisalimu, nami nikageuza uso. Miaka kumi na moja sasa.

Andika, Happiness. Kulia utalia baadaye.

Mwaka juzi Tulia naye akaanza kusaga meno. Wavu ni ule ule, debe ni lile lile, na Cecilia yuko Manyoni. Mkono wake ungefikaje hapa? Niliketi kwenye kinu. Kisha nikamwita Witness, yule binti wa mifugo mwenye pikipiki, anayeniamkia shikamoo vizuri kabisa halafu ananigombeza mpaka anaondoka. Akauliza punda anakaa muda gani bila kutafuna. Nikasema, tena kwa majivuno, tangu asubuhi mpaka jua kuzama. Akasema, "Bibi, huyu si ng'ombe, hacheui. Tumbo lake linatoa asidi usiku na mchana, ale asile. Majani ndiyo yanayolikinga. Ukimfunga mdomo, asidi inalila tumbo lenyewe."

Alisema vidonda hivyo vya tumbo havionekani ila kwa kamera inayopitishwa puani hadi tumboni, na huku kwetu haipo, kwa hiyo tutasoma dalili na tutamtibu tuone. Nikamwuliza habari ya vile vidonge vya magoti. Akafumba macho. Akasema hata mtu vinamchimba tumbo, sembuse punda mwenye njaa.

Nilikuwa nimeshampa Tulia dawa yangu ya vidonda, vidonge viwili, nikijiona daktari. Witness akacheka mpaka akaegemea pikipiki: "Bibi, hivyo ni vya kuku." Akampima kifua kwa utepe, akakisia uzito, akapiga hesabu, na dozi ya Tulia ya siku moja ikawa sawa na yangu ya mwezi mzima. Asubuhi kabla ya kula, wiki nne, bila kuruka siku. Wiki ya pili manyoya yakaanza kung'aa nami nikataka kuacha. Akakataa, na mwishoni akampunguzia kidogokidogo. Mbuzi wawili walikwenda kwenye dawa hiyo na sijuti. Lakini alisema dawa bila majani ni kuziba tundu la ndoo huku unatoboa jingine. Basi nyasi kavu ale kabla ya kazi, nyasi nyingine ziwe juu ya mkokoteni, kila mkisimama atafune, anywe kila penye maji, na pumba iwe konzi, si debe. Akianza tena kusaga meno aitwe Witness, si mjomba yeyote anayejidai ana dawa. Tulia alipona, na mwaka huu amezaa.

Mtaniuliza, ulipojua kweli mwaka juzi, mbona hukwenda Manyoni? Miguu nilikuwa nayo. Uso ndio sikuwa nao.

Sasa, Clement. Juzi mliponirudisha kutoka hospitali niliona chini ya magunia kwenye mkokoteni wavu mpya wa vitunguu, umeshonwa vizuri kuliko wangu. Usitazame chini, nitazame mimi. Najua wateja wananung'unika. Ndio hao hao walionisifu, na hakuna hata mmoja aliyekuja kumzika Jembe. Kwa hiyo Tulia si wako. Mtoto wake ni wa Happiness. Tulia ni wa Cecilia.

Siku ya kunizika mzee wa ukoo atasimama kuuliza nani anamdai marehemu, na watu watanyamaza kama ilivyo adabu. Hapo utasimama wewe, Clement, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa na jina lako ndilo nililoitwa maisha yangu yote. Utasema hivi: "Mama anadaiwa na Cecilia. Jembe alikuwa na njaa. Mama alimfunga mdomo, akamwua, akamsingizia mtu." Useme wanawake wa kisimani wasikie. Usiongeze labda, wala usiseme shetani alimpitia. Shetani hana wavu wa vitunguu.

Kisha umpakie Tulia kwenye lori, ukae naye huko nyuma, nyasi ziwe mbele yake njia nzima mpaka Manyoni. Cecilia akikufokea, pokea. Akikufukuza, rudi mwezi unaofuata, na mwingine, mpaka akutume hata maji ya kunywa. Simpi punda ili anisamehe. Kusamehe ni shauri lake. Nampa kwa sababu ndiye aliyeijua njaa kwa kugusa, mimi niliyeshika kamba nisiijue.

Na nyavu zote mbili, wangu na wako, ziwekeni chini ya miguu yangu kaburini. Sitaki nizikute kichwani.

Nipe maji. Kidogo... basi, hayashuki. Mimi nami nilificha maumivu, wanangu, kama punda. Daktari aliniambia nimechelewa, nikamwambia hilo nalijua, nimefuga punda.

Sogeeni niwashike. Mungu awape chakula, na awape macho ya kumwona aliye nacho mbele yake akashindwa kukila. Mkigombana, mgombane mkiwa mmekaa pamoja. Asiyeweza kusema... msingoje aseme.

Happiness. Soma yale atakayosema Clement juu ya Jembe. ... Hapana. Sikusema alikufa. Nilisema akamwua. Futa, andika... ndiyo. Hivyo.

Fungueni dirisha. Nani amempa Tulia nyasi? ... Wewe, Clement? ... Nasikia anatafuna. Mwacheni ale.