Daktari Khavere na Nyumba ya Mawe ya Othaya

Tarehe 30 Juni 1986, Daktari Gaudencia Khavere anastaafu baada ya miaka ishirini na mmoja katika Kituo chetu cha Utafiti wa Afya, Gatitu. Alikuja Nyeri kutoka Vihiga akiwa na sanduku moja, hajui neno la Kikuyu isipokuwa salamu. Leo anaondoka akiwa amewalea watafiti wengi wa magonjwa katika miji hii inayouzunguka Mlima Kenya, nami ni mmoja wao.

Wageni walidhani ni mkali. Kweli alikuwa mkali: aliyeandika ripoti kabla ya kumgusa mgonjwa alirudishwa barabarani na viatu vyake vya matope. Lakini chai aliwapikia wanafunzi wake mwenyewe, tena ya tangawizi nyingi mno, na hakuna aliyethubutu kuimwaga.

Nitasimulia habari ya Julai 1972, kwa sababu bila hiyo mimi nisingekuwa mtafiti.

Juu ya Othaya, mkulima wa kahawa aitwaye Gatimu alikuwa amehamia nyumba mpya ya mawe yenye madirisha ya vioo. Tangu baridi ianze, watu wa nyumba hiyo walikuwa wakidhoofika. Watoto walianguka wakitembea. Mkewe, Wakonyo, alisema kuna mwanamke mzee anayeketi kitandani mwao mchana, lakini hakutaka kumtaja. Majirani waliacha kuingia, wakawa wanaweka maziwa uani na kuondoka bila kubisha hodi.

Daktari alinituma huko pamoja na mwenzangu Kahiga. Ukungu ulikuwa umefunika migomba hadi huoni choo cha jirani. Kahiga alizunguka nje kupima maji ya kisima. Mimi niliketi chumbani na watoto, kando ya jiko la makaa, alasiri nzima. Kichwa kilianza kugonga. Nilipoinua macho, mwanamke mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Miguu yake ilikuwa imelowa, na maji yalidondoka sakafuni bila sauti.

Niliyaandika hayo kwenye taarifa yangu. Mkuu wa kituo wa wakati huo akaamuru nihamishiwe kupiga chapa. Alisema utafiti si kazi ya wasichana wenye ndoto.

Daktari Khavere aliingia ofisini kwa mkuu huyo bila kuitwa. "Huyu amesema ameona," alimwambia. "Kazi yetu ni kuuliza kwa nini ameona. Ukimfukuza yeye, nifukuze na mimi."

Kesho yake tulirudi Othaya watatu. Aliihamishia familia kwenye jiko la nje, akaingia chumbani peke yake, na jiko la makaa likiwaka kama kawaida. Kahiga alisimama nje kwenye kioo cha dirisha amchungulie, amtoe akianza kusinzia. Mimi nilibaki mlangoni. Halafu nikamsikia akizungumza kwa upole, kama anayemjibu mtu.

Kahiga alipomtoa, alikuwa akiyumba. Alishika mti, akavuta pumzi, akasema, "Ameniuliza kama maji yamepungua."

Gatimu aliketi kwenye nyasi. "Huyo ni mama," alisema. "Mto Gura ulimbeba mwaka jana akivuka. Nani amewaambia?"

Hakuna aliyekuwa ametuambia.

Daktari hakubishana naye. Alikunja mkono wa sweta na kuniamuru nimtoe damu papo hapo. Ilitoka nyekundu kama tunda la kahawa lililoiva. Tukatoa na ya Kahiga, aliyekuwa nje muda wote, tukazitia zote soda kali. Ya Kahiga iligeuka rangi ya matope, kama damu isiyo na sumu inavyofanya. Ya Daktari ilibaki nyekundu. Ilikuwa sumu ya makaa, hewa isiyoonekana. Nyumba ya zamani ya udongo ilikuwa ikiitoa kupitia kuta na paa, na hii ya mawe iliifungia ndani pamoja na watoto.

"Vunja vioo," alimwambia Gatimu.

"Ati nivunje? Daktari, hiyo kioo nimeleta kutoka Nairobi!"

"Watoto wako utawaleta kutoka wapi?"

Alivivunja kwa mpini wa jembe, akilia. Ukungu ukaingia ndani. Watoto wakapona, wote.

Ripoti ilipotoka, jina langu lilitangulia lake, ndivyo alivyotaka. Niliwahi kumuuliza sumu ingewezaje kutuonyesha sisi wawili marehemu tusiyemjua. Alisema, "Sijui. Na wewe usijifanye unajua." Amewafundisha wengine vivyo hivyo, na ndiyo maana wanafunzi wake hawaogopi kuandika kwamba hawajui.

Juma lililopita alimtuma Murugi, mtafiti wetu mpya, kwenye kijiji kimoja juu ya Naro Moru ambako mbwa wote wameacha kubweka. Wanakaa wametazama upande mmoja wa msitu, hata wakiitiwa chakula. Murugi alirudi jana, akamwomba asistaafu kwanza. Daktari alimfunga kitambaa chake shingoni. "Kazi hii ni yako," akasema. "Nenda tena kesho. Ukiogopa, andika kwamba umeogopa."

Murugi amekwenda asubuhi ya leo.

Daktari, asante kwa kutuamini. Nenda salama Vihiga, upumzike vyema, na Mungu akuzidishie siku za furaha.

Wangechi Ngatia
kwa niaba ya wafanyakazi wote