Madam Mukonyo, Aliyewarudisha Askari Nyumbani

Tarehe 30 Juni, Bi. Mukonyo Kalunde ataondoka rasmi katika ofisi yetu ya Kitengela baada ya miaka ishirini na sita ya kuwasaidia wanajeshi wastaafu kuanza maisha ya uraiani. Hajawahi kuvaa magwanda hata siku moja. Hata hivyo wazee wa jeshi humwita Afande, na wengine humpigia saluti hadharani, jambo ambalo amelikataza mara nyingi bila mafanikio.

Alianza Kajiado kama karani wa masjala. Wakati huo mstaafu alikuwa akijaziwa fomu ya mafunzo, anaonyeshwa mlango, basi. Madam aliona kwamba wengi waliopelekwa kujifunza useremala au udereva walirudi baada ya muda mfupi, wameacha kazi au wameachwa na wake zao. Akaanzisha desturi yake: hapelekwi mtu popote kabla hajaenda naye sokoni kununua nyanya. Jeshini kila kitu hutoka stoo, na hakuna anayebishana bei ya buti. Kwa hiyo wanaume waliolinda mipaka ya nchi walisimama wima mbele ya mama mboga, wakalipa bei ya kwanza waliyotajiwa, wakashukuru. Meja mmoja aliomba na risiti. Akina mama wa soko la Kitengela wakimwona Madam anakuja na mtu aliyenyoosha mgongo, walipandisha bei makusudi. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaomba wafanye hivyo.

Miaka minne iliyopita alikuja Koplo Metito Leshan, mtu wa Isinya. Alitaka kazi ya ulinzi, mbali, ikiwezekana Mombasa. Alisema nyumbani kumekwisha. Mkewe, Nasieku, aliyetunza boma na kuuza mbuzi peke yake miaka yote mumewe akiwa kambini, alikuwa amechukua watoto na mbuzi akahamia kwa kaka yake huko Kiserian. Koplo hakuelewa kosa lake. Aliamka alfajiri, akapanga watoto mstari, akakagua vitanda, akawagawia wachungaji zamu. Kwake hayo ndiyo yalikuwa mapenzi.

Nafasi ya Mombasa ilikuwepo. Ingekuwa rahisi kumpa, na familia ile ingevunjika kwa mhuri wa serikali. Madam alimwomba asubiri, akaenda Kiserian siku ya mnada wa mbuzi. Alimkuta Nasieku katikati ya madalali, ameshika kamba mbili kwa mkono mmoja. Nasieku alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Madam, yule bado hajarudi. Ni kambi imehamia kwangu."

Madam alirejea na wazo lililotushtua. Mpango wetu unamruhusu mstaafu kujifunza kazi kwa miezi sita chini ya mfanyabiashara mwenye leseni, na Nasieku alikuwa na leseni. Mkuu wa ofisi aliuliza kama mtu anaweza kuwa mwanafunzi wa mkewe. Madam akamwomba amwonyeshe palipokatazwa. Nasieku alikubali kwa sharti: amri zitoke kwake, na jioni kila mtu aende kwake. Wakishindwana, koplo aende Mombasa.

Siku ya kwanza koplo alifika mnadani kabla ya mbuzi, akaripoti kwa saluti. Alipewa kamba na kuambiwa anyamaze. Wiki nyingi Nasieku alimwita koplo tu, kwa sauti ambayo kila dalali aliielewa. Kisha akamwacha anunue beberu peke yake. Akalipa bei ya kwanza. Mnada mzima ulicheka, na kwa mara ya kwanza yeye pia akacheka. Nasieku akamwambia, "Umenitia hasara, Baba Naipanoi. Kesho utajaribu tena." Madam alikuwepo, amekuja kukagua maendeleo. Alituambia kwamba aliposikia koplo akiitwa kwa jina la mtoto wao, alijua kazi yake pale imekwisha, akaenda kunywa chai.

Mwezi wa tano wa mafunzo, watoto na mbuzi walirudi Isinya, na Nasieku pamoja nao. Vitanda bado hukaguliwa, ila mkaguzi siku hizi ni Naipanoi. Tangu hapo Nasieku amewapokea wastaafu wengine saba, na mumewe ndiye huwapeleka kununua beberu wao wa kwanza.

Sasa ni zamu ya Madam. Kule Nkoroi, mumewe, mwalimu mstaafu, ameendesha nyumba kwa miaka sita na anajua kila kuku anatagia wapi. Wiki iliyopita Madam alianza kumpangia ratiba ya jikoni. Mwalimu akamuuliza kwa upole, "Nikupeleke kwa Nasieku?" Alitusimulia huku akicheka. Akasema ataingia nyumba ile kama mwanafunzi.

Madam, asante kwa kukataa njia rahisi, hata pale ambapo hatukukuelewa. Nenda nyumbani salama. Maisha yako ya mbele yawe mema, na Mwalimu akupokee kwa subira ileile uliyotufundisha kuwapokea wengine.