Fomu ya Mideva

Benchi letu liko Gatina, Kawangware, nje ya ploti ya Baba Becky, kati ya kibanda changu cha kunyoa na dirisha la Alvin wa magemu, ambaye stima yake ni ya ploti hiyo hiyo. Ni ubao mmoja mrefu juu ya mawe, na upande wa kushoto una msumari ambao kila mtu anaujua isipokuwa mgeni. Mwenye kahawa ni Kagiri. Jiko lake liko hapo nje, sufuria juu, jivu ndani, na moto hakuna tangu makaa ipande bei mwezi wa sita. Kahawa siku hizi inachemkia chumbani kwake, nyuma ya pazia, kwa koili ya stima. Hiyo koili wote tunaijua na hakuna anayeitaja, kwa sababu kwa geti kumeandikwa na rangi nyekundu: HAKUNA KOILI, HAKUNA PASI, HAKUNA HITA. Stima iko ndani ya rent. Na aliyeandika ni Baba Becky, landlord mwenyewe, ambaye kila Jumamosi hukaa na sisi, kofia magotini, akinywa kikombe baada ya kikombe.

Hiyo Jumamosi ilikuwa ya Julai, baridi ya kukata masikio. Alvin alikuwa amegeuza skrini moja ikaangalia dirishani ili tuone. Ndani, Mideva alikuwa ameshika stering, anaendesha gari ya bluu kwa kompyuta dhidi ya watu wa Kampala, Kigali, Mombasa na kwingine. Huyu msichana analala chumba cha nne hapo kwa ploti. Kuna timu ya mashindano ya kompyuta ilikuwa inataka madereva wawili, mshahara kila mwezi, safari juu. Wa kwanza na wa pili kwa hizo mbio wanaingia. Wa tatu anaenda nyumbani. Na kwa Mideva, nyumbani ilimaanisha Jumatatu asubuhi aende Industrial Area kufunga biskuti, kazi ambayo shangazi yake alikuwa ameshamtafutia.

Shida ni kwamba fomu yake ilikuwa imeanguka. Tangu katikati ya Juni hajashinda kitu. Anaongoza, halafu gari inaganda katikati ya barabara, na wenzake wanapita. Yeye alikuwa amelalamika kwa Baba Becky kwamba stima inashuka. Baba Becky akamwambia ni transfoma, awe mvumilivu.

— Dereva mbaya hulaumu barabara, alianza Khamala. Huyu ni wa bodaboda, sisi humwita Komentata kwa sababu hata mazishini anatangaza.

— Ako namba mbili sasa hivi, nikamwambia. Ubaya uko wapi?

— Ngoja. Angalia mguu wake. Anagusa breki kila kona. Wahenga walisema nini? Chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Hiyo ni ya wezi wa asali, Komentata.

— Hata breki ni asali, ukiimaliza utalamba nini?

Shiundu akacheka kwa pua. Shiundu ni fundi wa viatu na jina lake hapa ni Pit Stop, kwa sababu anaweza kukubadilishia soli umesimama, kama gari ya mashindano inavyobadilishiwa tairi.

— Wewe hujui kitu, Pit Stop akasema. Shida si breki. Shida ni stering. Alvin aliinunua wapi?

— Toi, nikajibu.

— Enhe! Toi, katikati ya viatu vya mitumba. Sasa jiulize, huyo mzungu aliyekuwa nayo aliiachilia kwa nini? Alikuwa anashindwa! Kitu cha mitumba huja na bahati ya mwenyewe. Mimi nimeshona viatu vya mitumba, najua. Kuna kiatu ukikivaa unajipata umeelekea mahali hukuwa unaenda.

— Kwa hivyo Mideva anaendesha na bahati ya mzungu, nikasema.

— Ya mzungu aliyeshindwa. Hiyo ndiyo mbaya.

Musyoka akakohoa. Anauza makaa Silanga, kule chini karibu na bwawa, na zamani gunia la Kagiri lilikuwa linatoka kwake. Siku hizi Kagiri hanunui, lakini Musyoka bado anakuja kila Jumamosi, ananywa kahawa na kuikunjia uso.

— Mimi naona ni chakula, Musyoka akasema. Watu siku hizi wanakula vitu vimepikwa na... vimepikwa vibaya. Kitu haijapikwa na makaa haina nguvu. Ni joto tu. Joto bila nguvu.

Alisema hivyo akimwangalia Kagiri. Kagiri akajifanya anapanguza vikombe.

— Wewe unataka kuuza makaa, nikamwambia.

— Nataka msichana ashinde! Mimi ni mzazi.

Baba Becky alikuwa amenyamaza muda wote. Akinyamaza hivyo ujue anatafuta pa kuingiza habari za ploti na mashamba.

— Vijana, akasema, tuangalie career. Hawa madereva wakubwa wa Ulaya, ukichunguza, baba zao wana mali. Kijana akigonga gari leo, kesho analetewa ingine. Dereva asiye na ploti ni konda tu. Na hata hao wenyewe, akifika thelathini na tano fomu inaisha. Yule wao wa gari nyekundu mnaona alivyokuwa? Sasa anapitwa na watoto.

— Alibadilisha timu, Komentata akasema. Mpanda ngazi hushuka.

— Sasa huyu wa kompyuta ataishia wapi? Baba Becky akaendelea. Kompyuta inazeesha vidole. Akifika ishirini na tano atakuwa anashika ugali hivi.

Akatuonyesha, vidole vimekunjika. Tukacheka, na mimi nilicheka, sitadanganya.

— Kagiri, ongeza round, Baba Becky akasema. Baridi imezidi.

Kagiri akachukua birika, akaingia nyuma ya pazia. Balbu ya Alvin ikafifia. Hapo Kawangware balbu kufifia si habari, hakuna aliyeinua kichwa. Kwa skrini gari ya bluu ikaganda kwa kona, ikaruka mbele, ikaganda tena. Moja ikapita. Ya pili ikapita.

— Mnaona! Komentata akaruka. Namba nne! Niliwaambia breki!

— Stering, Pit Stop akasema. Bahati ya mzungu imemshika mkono.

Ndani tulimsikia Mideva akipiga meza na kiganja, mara moja tu. Halafu Kagiri akatoka na kahawa ya moto, kila mtu akawa anapuliza kikombe chake. Balbu ikarudi. Na msichana akaanza kuwatafuta. Alimpita mmoja kwa ndani, karibu ukutani, hata Komentata akasahau kutangaza. Halafu akampata huyo mwingine kwa ile barabara ndefu iliyonyooka.

— Namba mbili, nikasema. Fomu imerudi.

— Ni kahawa yetu inampa nguvu, Pit Stop akasema. Si unaona tukinywa anaamka? Kagiri, ongeza ingine, huyu tumsukume mpaka mwisho.

Nadharia hiyo ilitupendeza sana. Tukamaliza vikombe haraka, hata wale hawakuwa na kiu, na Kagiri akaingia tena na birika, akachomeka koili, akatoka kungoja ichemke.

Hapo ndipo alipokuja Lenah. Alikuwa amehamia ploti wiki hiyo, chumba cha karibu na choo, mama mfupi wa sweta mbili. Mikono yake ilikuwa myekundu, alikuwa anatoka kufulia watu nguo.

— Niaje wazee. Kahawa iko?

— Iko, kaa, inachemka, Komentata akasema, akimwachia upande wa msumari.

Lenah hakukaa. Aliona jiko. Akainama, akanyoosha mikono yote miwili juu yake kama mtu yeyote mwenye baridi. Akangoja. Akageuza viganja. Halafu akaingiza kidole kwenye jivu.

— Hii jiko ni baridi, akasema. Kwani kahawa inachemkia wapi?

Hakukuwa na ubaya wowote kwa sauti yake. Alitaka tu kujua.

Na wakati huo huo balbu ya Alvin ikafifia, na gari ya bluu ikaganda.

Sasa hapo wote tuliona. Nilimwona Komentata akiangalia balbu, halafu pazia, halafu Baba Becky. Pit Stop akashusha kikombe polepole. Musyoka akafungua mdomo, akakumbuka Kagiri atatupwa nje na vyombo vyake, akaufunga. Kagiri alisimama na sinia mkononi, jasho kwa paji la uso, Julai hiyo. Ana watoto watatu na hilo pazia ndilo duka lake lote. Sisi watu ambao hatujawahi kunyamaza tangu mwaka uanze, tulinyamaza. Gari moja ikampita Mideva. Ya pili. Ya tatu. Namba tano, na raundi zimebaki chache. Mimi mwenyewe nilikuwa nasema moyoni, sema wewe, sema wewe, na nilikuwa naambia wengine.

— Kwani nimeuliza vibaya? Lenah akasema.

Kagiri akaweka sinia chini. Akaingia nyuma ya pazia, na balbu ikawaka ikawa nyeupe vile sikuwa nimeiona siku nyingi. Akatoka mikono mitupu.

— Kahawa imeisha, akasema.

— Imeishaje? Baba Becky akauliza. Si iko kwa moto?

— Imeisha, mzee.

Basi tukaangalia skrini. Huyo msichana, nawaambia, alikuwa dereva. Alimpita wa nne kabla hatujajua ameanza. Wa tatu alimsumbua raundi nzima, kushoto, kulia, mpaka akakosea. Halafu akamwandama wa pili. Walifika kwa bendera gari ya bluu imekaa nyuma ya ile ya kijani, pua kwa mkia, na ikaisha hivyo.

Wa tatu.

Mideva akatoka nje akivua glavu. Macho yalikuwa mekundu lakini hakuwa analia.

— Ingebaki raundi moja tu, akasema. Moja tu ningempata.

— Ni tairi, Komentata akasema. Zilikuwa zime...

— Nyamaza, Khamala, Pit Stop akamwambia, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akimwita jina lake.

Kagiri akasogea mbele.

— Mideva, ni mimi. Si tairi wala breki. Nikichomeka koili, stima yako inashuka. Leo ndio nimejua. Nisamehe, mama.

Alisema mbele ya landlord. Tukamwangalia Baba Becky, tukingoja amwambie afungashe.

— Koili naijua, Baba Becky akasema. Naijua tangu hiyo wiki ya kwanza. Kahawa ya makaa hunuka moshi kidogo. Hii haikuwa inanuka.

— Na ukanyamaza? Musyoka akaruka. Makaa yangu yamelala Silanga, wewe unajua na umenyamaza?

— Ilikuwa tamu, Baba Becky akasema kwa sauti ya chini.

Mideva alimwangalia, halafu akatuangalia sisi mmoja mmoja. Akifika kwangu niliangalia viatu. Nilikuwa nataka atutukane, hata na matusi ya mama, tungepumua. Hakututukana. Alikunja zile glavu, moja ndani ya ingine, akampa Alvin kupitia dirishani.

— Baba Becky, akasema, na adabu yake yote. Leo naweza tumia pasi? Nguo ya kazi ya Jumatatu imekunjana.

Tukamgeukia Baba Becky. Aliangalia geti lake na yale maandishi mekundu, akaangalia kikombe chake, na kikombe hakikuwa na kitu.