Chiriku Wamehama

Ndani ya basi la Tabora, Zamda aliwasikia abiria wawili wa kiti cha mbele wakibishana.

"Chiriku wamekwisha," alilalama Twalibu, mshona kofia wa mtaa wa Chemchem mjini. "Natoka kwenye mahame ya wajomba zangu, sikumsikia hata mmoja."

Mama aliyepakata debe la kuamia ndege shambani akacheka. "Wamekwisha wapi! Watu wamehamishwa, nani awamwagie chenga za mtama? Wametufuata kijiji cha ujamaa."

"Kumbe nao wajamaa!"

"Wajamaa wa kula tu, jembe hawashiki!"

Basi zima likaangua kicheko, Zamda mbavu hana.

"Na wao nani kawahamisha?" Twalibu akauliza.

Kicheko kikakatika. Basi likasimama. Mama akashuka, akageukia dirishani. "Hao wamekuja kwa mabawa yao, mzee wangu. Waliopandishwa lori ni sisi."